Odi, mkeka, GG na handikapu: maswali ninayoulizwa barazani kuhusu maneno ya kubeti mpira

Nasomesha hesabu skuli ya sekondari hapa Chake Chake. Jioni, baada ya Laasiri, hukaa barazani na vijana ambao wengi wao walipita darasani kwangu, na kwa miaka kadhaa sasa mazungumzo ya mpira yamebadilika. Zamani ukiuliza "leo nani anashinda?" ulijibiwa jina la timu. Siku hizi unajibiwa "moja eksi" au "ova mbili na nusu", na wazee walioshika vikombe vyao vya kahawa wanabaki kutazamana.

Mimi sibeti, na sababu nitaieleza huko chini. Lakini nimeona kuwa wazazi hawayajui kabisa maneno haya, na vijana wanayatamka bila ya kujua hesabu iliyomo ndani yake. Hesabu hiyo ndiyo kazi yangu, kwa hivyo nimeyakusanya maswali kama yanavyonijia.

Mwalimu, odi ni nini hasa?

Ni namba inayokwambia dau lako litazidishwa mara ngapi ukipatia. Ukiweka shilingi 1,000 kwa odi 2.50, unarudishiwa 2,500. Humo ndani imo 1,000 yako mwenyewe, kwa hivyo ulichopata ni 1,500. Jambo hili dogo linawapita wengi. Kijana anakuja kwa furaha kuwa "amepiga 12,000", kumbe aliweka 10,000 kwa odi 1.20. Amepata 2,000, na ili azipate aliiweka hatarini 10,000 nzima.

Waingereza wana desturi ya kuandika odi kwa sehemu. 5/1 maana yake ni faida ya tano kwa kila moja uliyoweka, ambayo kwa desimali ni 6.00. Leicester City walipochukua ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16, mwanzoni mwa msimu walikuwa wamewekewa 5000/1. Kwetu sisi simu zinaonesha desimali, na ndiyo rahisi zaidi.

Odi ina kazi ya pili ambayo watu hawaiangalii: ni makadirio. Chukua 100 uigawe kwa odi. Odi 2.50 inakupa 40, yaani kampuni ya kubeti inaiuza beti hiyo kana kwamba ina nafasi 40 katika 100 za kutokea. Odi 1.25 inakupa 80. Jizoeze kugawa hivyo kila unapoona odi, utaisoma kwa jicho jengine.

Nimegawa kama ulivyosema, jumla imepita 100. Nimekosea wapi?

Hukukosea. Hapo ndipo umefika penyewe.

Tuseme mechi ina odi hizi: timu ya nyumbani 2.00, sare 3.20, ya ugenini 3.40. Gawa: 50, kisha 31.25, kisha 29.41. Jumla 110.66. Mechi moja haiwezi kuwa na nafasi 110 katika 100. Ile 10.66 iliyozidi ni chumo la kampuni, na limeshatiwa ndani ya bei kabla refa hajapuliza filimbi. Maana yake ni hii: mtu akigawa fedha zake kwenye matokeo yote matatu ili apate lolote litakalotokea, kwa kila 110.66 anazotoa atarudishiwa 100.

Mwenye duka hununua mchele kwa bei moja akauza kwa nyengine, na hakuna anayemlaumu kwa hilo. Tofauti ni kwamba dukani unaondoka na mchele.

Mfano mwepesi zaidi ni wa kurusha sarafu. Sarafu ina pande mbili, kwa hivyo odi ya haki ni 2.00 kila upande. Kampuni itakupa 1.90. Ukiicheza siku nzima, kwa wastani kila 100 unayoweka inakurudia 95. Hakuna aliyekuibia. Umekubali bei hiyo mwenyewe ulipobonyeza. Ishike hii 1.90, nitairejea tukifika kwenye mkeka, yaani tiketi ya mechi kadhaa pamoja.

1, X na 2 ni nini? Na mbona nilishinda nikaambiwa nimekosa?

1 ni timu iliyoandikwa kwanza, mara nyingi mwenyeji. 2 ni iliyoandikwa ya pili. X ni kutoka sare kwa namna yoyote. Watangazaji wetu hutenganisha sare ya magoli na suluhu ya bila kufungana, lakini kwenye beti zote mbili ni X.

Ama kushinda ukaambiwa umekosa, mara nyingi sababu ni dakika 90. Beti ya kawaida huhesabiwa kwa dakika 90 pamoja na zile za nyongeza za majeruhi. Muda wa ziada wa nusu saa na penalti havimo, ila pale palipoandikwa wazi "kufuzu" au "kutwaa kombe".

Wapemba na Waunguja hawajaisahau fainali ya CECAFA ya Disemba 2017 kule Machakos. Zanzibar Heroes na Kenya walimaliza dakika 90 kwa 1-1, wakaenda hadi 2-2 baada ya muda wa ziada, na Kenya wakachukua kombe kwa penalti. Aliyeweka Kenya kwa dakika 90 alikosa, ingawa kombe walilichukua Kenya. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2022 ilikuwa vivyo hivyo: Argentina na Ufaransa 2-2 dakika 90, 3-3 baada ya muda wa ziada, kisha penalti. Kwenye mkeka ile ni X.

Na 1X, X2 na 12?

Hii huitwa dabo chansi. Unachukua matokeo mawili kwa pamoja: 1X ni mwenyeji ashinde au sare, X2 ni mgeni ashinde au sare, 12 ni yeyote ashinde ila pasiwe na sare. Nafasi yako inakuwa kubwa na odi inashuka. Mlandege walipowafunga Simba 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi, Januari 2024 pale New Amaan, watu wengi walikuwa na Simba. Aliyechukua "Mlandege au sare" alipatia, kwa bei ndogo kuliko aliyethubutu kuchukua Mlandege peke yake.

Droo nobeti?

Unachagua timu; ikishinda umepata, ikifungwa umekosa, ikitoka sare unarudishiwa dau lako kama lilivyo. Kwenye mkeka wa mechi nyingi, sare hiyo huhesabiwa kwa odi 1.00, yaani haiongezi wala haipunguzi.

Hiyo nusu ya "ova mbili na nusu" inatoka wapi? Nani amewahi kufunga nusu goli?

Swali hili aliniuliza mzee mmoja, na nililipenda. Nusu imewekwa ili pasipatikane katikati. Ova 2.5 ni magoli matatu au zaidi ya timu zote mbili pamoja. Anda 2.5 ni mawili au chini yake. Lingekuwa 2 kamili, yakipatikana magoli mawili ingebidi watu warudishiwe fedha zao, na kweli ziko beti za namna hiyo.

Yanga walipowafunga Simba 5-1, tarehe 5 Novemba 2023, ova 2.5, ova 3.5, ova 4.5 na hata ova 5.5 zote zilipatia, kwa sababu magoli yalikuwa sita. Ova 6.5 ilikosa. Angalia pia kama umebonyeza magoli ya mechi nzima, ya kipindi cha kwanza au ya timu moja. Vitufe vimekaa jirani, na vidole vinateleza. Kona na kadi huhesabiwa kwa mtindo huo huo.

GG na NG?

GG: kila timu ifunge angalau goli moja. NG: angalau timu moja isifunge. Ile 5-1 ni GG. 4-0 ni NG hata magoli yakiwa manne. Basi.

Handikapu imenishinda kabisa. Nieleze taratibu.

Ulipokuwa mdogo ukicheza chandimu, wakubwa mkicheza na wadogo, wadogo walikuwa wakisema "tupeni magoli mawili ndiyo tuanze". Hiyo ndiyo handikapu. Timu yenye nguvu inaanza ikiwa nyuma kwenye karatasi, ili mechi isiyo na mvuto wa kubeti ipate mvuto.

Ukiona -1 mbele ya timu yako, toa goli moja kwenye matokeo yake kisha uangalie. Ikishinda 2-0, kwako ni 1-0, umepata. Ikishinda 1-0, kwako ni 0-0. Hapo inategemea aina. Kwenye handikapu ya matokeo matatu, ambayo huandikwa 0:1, umekosa, kwa sababu sare ilikuwa chaguo lake peke yake. Kwenye handikapu ya Kiasia ya -1, unarudishiwa dau. Ukiona -1.5 hakuna kurudishiwa: timu yako lazima ishinde kwa tofauti ya magoli mawili au zaidi.

Zipo na za robo, kama -0.75. Hapo dau lako hukatwa vipande viwili: nusu inakwenda -0.5 na nusu inakwenda -1. Timu ikishinda kwa goli moja, nusu ya kwanza inalipwa na ya pili inarudishwa. Ikiwa maelezo haya umeyasoma mara mbili na bado hayajatulia, hiyo si beti ya kutilia fedha yako.

HT/FT na matokeo kamili?

HT/FT ni kubashiri nani anaongoza mapumziko na nani anashinda mwisho, kwa pamoja. Kuna michanganyiko tisa. Argentina na Saudi Arabia kwenye Kombe la Dunia la 2022: mapumziko Argentina 1-0, mwisho Saudi Arabia 2-1. Hiyo ni 1/2, na odi zake huwa kubwa kwa sababu ni nadra. Ile mechi ya Simba na Yanga, Simba wakiwa wameandikwa kwanza, ilikuwa 1-1 mapumziko, kwa hivyo X/2. Matokeo kamili ni kutaja namba yenyewe, 2-1 au 0-0. Odi zake zinameremeta, na mara nyingi chumo la kampuni ndani yake ni kubwa zaidi kuliko kwenye 1X2, maana matokeo ni mengi na kila moja linapunjwa kidogo.

Kwa nini wanaita mkeka? Na ukichanika ni nini?

Mkeka ni tiketi yenye mechi kadhaa zilizoungwa pamoja. Ukiwa na mechi moja, huitwa singo. "Umetiki" maana yake mechi zote zimepatia. "Umechanika" maana yake hata moja imekosa.

Bibi yangu alikuwa akisuka ukili barazani kwake, ukindu wa rangi na mweupe, pindo baada ya pindo, kisha anazishona kuwa mkeka. Uzi ukikatika pahala, anatia sindano na mkeka unaendelea kulaliwa. Huu wa kwenye simu hauna sindano. Mechi tisa zikae sawa, ya kumi ikatike, hakuna kilichobaki.

Odi za mkeka huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, na hicho ndicho kinachovuta macho. Rudi kwenye sarafu yangu ya 1.90. Mechi tano za namna hiyo ni 1.90 mara tano kwa kuzidisha, inakuja 24.76. Elfu moja inakuwa 24,760 na kijana anaona ameokota. Lakini nafasi ya kupatia sarafu tano mfululizo ni moja katika 32, kwa hivyo bei ya haki ingekuwa 32.00. Ukiunga kumi, utapewa 613, na bei ya haki ni 1,024. Lile chumo la kampuni lililokuwa shilingi 5 katika 100 kwenye sarafu moja limekuwa kama 23 kwenye mkeka wa tano, na 40 kwenye mkeka wa kumi. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo unavyozidi kupunjwa, na ndiyo maana kampuni hutoa bonasi kwa mikeka mirefu. Wanakusukuma kule kunakowafaa wao.

Lakini Mwalimu, mimi naweka mechi za uhakika tu.

Nakusikia, na hili ndilo nililolizungumza mara nyingi kuliko yote. Tuseme kila mechi uliyochagua ina nafasi 70 katika 100. Hiyo ni timu kubwa inacheza kwao na timu ndogo. Mechi moja, sawa. Mbili zote zipatie: 49. Tano zote: karibu 17. Kumi zote: 2.8. Chini ya mara tatu katika mia. Uhakika uliouanza nao umekwisha njiani, wala hakuna timu iliyofanya ajabu.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo linalowarudisha watu kesho yake. Kwenye mkeka huo huo wa kumi, nafasi ya kupatia tisa na kukosa moja ni 12 katika 100. Zaidi ya mara nne ya nafasi ya kupatia zote. Kwa hivyo kijana anayesema "nimekosa mmoja tu, nilikuwa karibu" anasema kweli, na ataisema kweli hiyo tena na tena. Kukosa mmoja ni jambo la kawaida kwenye mkeka mrefu. Halina maana kuwa umekaribia kitu, wala kwamba umeanza kuujua mchezo. Niliipiga hesabu hii kwa chaki ubaoni mbele ya kijana aliyekuwa amemaliza ujira wake wa msimu mzima wa kuchuma karafuu kwa mikeka ya "mmoja tu". Alikaa kimya kwa muda mrefu. Na mimi sikupata la kumwambia zaidi.

Sistimu ni nini?

Ni mkeka unaoruhusu kukosa. Ukichagua mechi tatu kwa sistimu 2/3, unafanyiwa mikeka mitatu midogo ya mechi mbili mbili. Kila mmoja una dau lake, kwa hivyo 1,000 inakuwa 3,000. Mbili zikipatia kwa odi 2.00 kila moja, mkeka mmoja tu umetiki na unapata 4,000. Watu husahau kuzidisha dau.

Mechi ikiahirishwa?

Ikiwa haikuchezwa ndani ya muda uliowekwa na kampuni, beti huwa voidi. Singo unarudishiwa dau. Kwenye mkeka mechi hiyo inapewa odi 1.00 na nyengine zinaendelea. Muda huo hutofautiana kwa kampuni, kwa hivyo soma masharti yao. Mechi iliyokatika katikati ina kanuni yake, kwani yale yaliyokwisha kuamuliwa, kama goli la kwanza, mara nyingi hubaki kuwa yamehesabiwa.

Laivu na kashauti vinafanya kazi vipi?

Laivu ni kubeti mpira ukiwa unachezwa. Odi zinabadilika kila dakika. Timu iliyo nyuma odi yake inapanda, ikirudisha goli inashuka. Siku ile ya Mei 2012 Manchester City walikuwa nyuma 2-1 na QPR dakika 90 zilipotimia, wakafunga mawili kwenye dakika za majeruhi na kuchukua ubingwa. Mambo haya hutokea, ndiyo yanawafanya watu wabonyeze hadi dakika ya mwisho.

Jambo moja watu wa mabanda ya mpira walijue: picha ya dishi au ya intaneti mnayoitazama imechelewa kwa sekunde kadhaa, na kampuni hupata taarifa kutoka uwanjani kabla yenu. Ukiona kitufe kimejifunga ghafla, huenda tayari ni goli ambalo wewe hujaliona.

Kashauti ni kampuni kuununua mkeka wako kabla haujaisha. Tuseme mkeka unalipa 40,000 na imebaki mechi moja yenye odi 2.00. Kwa bei yao wenyewe, mkeka huo sasa una thamani ya 20,000. Watakupa labda 17,500. Ile tofauti ni chumo la pili juu ya lile la kwanza. Simlaumu anayechukua ili aokoe kitu, ila ajue anauza chini ya bei.

Nimepewa bonasi ya 10,000. Mbona siwezi kuitoa?

Kwa sababu ina masharti ya kuzungushwa. Kwa mfano, lazima ubeti mara tano ya bonasi, kwa odi zisizopungua 1.50, ndani ya siku saba. Mara tano ya 10,000 ni 50,000. Ikiwa kwenye beti hizo kampuni inabakisha shilingi 10 katika kila 100, basi kwa wastani 5,000 zimekwenda kabla hujaigusa bonasi yenyewe, na zimekwenda kutoka mfukoni mwako. Beti ya bure nayo ina jambo lake: ukishinda unapewa faida peke yake, dau halimo. Beti ya bure ya 1,000 kwa odi 3.00 inalipa 2,000.

Kuna mtu ananiuzia mechi za fiksi, anasema matokeo yake yameshapangwa. Wiki tatu mfululizo amepatia. Huyo naye?

Usimpe hata senti. Nitakuonesha anavyofanya, na huhitaji kujua mpira hata kidogo.

Chukua namba za simu 810. Wiki ya kwanza watu 270 watumie "mwenyeji anashinda", 270 watumie "sare", 270 watumie "mgeni anashinda". Baada ya mechi, 540 wamepata uongo, waache. Wiki ya pili wachukue wale 270 uliowapatia, uwagawe tena mafungu matatu ya 90. Wiki ya tatu wagawe wale 90 kwa mafungu ya 30. Sasa kuna watu 30 ambao wameshuhudia kwa macho yao mtu akipatia mara tatu mfululizo, bila ya malipo. Wiki ya nne anawaomba 50,000 kila mmoja kwa "mechi ya VIP". Wewe ni mmoja katika 30. Wale 780 huwaoni, na hakuna anayewaonesha.

Wengine hawajisumbui hata kwa hilo. Wanapiga picha tiketi, wanabadilisha namba, wanairusha kwenye kundi baada ya mechi. Na jiulize swali la kitoto: mtu anayeyajua matokeo ya kesho anaihitaji 50,000 yako ya nini?

Kudabo je? Nikikosa naweka mara mbili, siku moja lazima nitapata.

Anza na 1,000 kwa odi 2.00. Ukikosa mara nane mfululizo umeshatoa 255,000, na beti ya tisa inataka 256,000. Ukiipata, faida yako yote kwa mahangaiko hayo ni 1,000. Kwa sarafu, kukosa mara nane mfululizo ni nafasi moja katika 256, na anayebeti mara kadhaa kwa siku ataikuta hiyo mapema kuliko anavyodhani. Vijana wanaita kufukuzia hasara. Nimeiona ikifukuzwa kwa simu iliyouzwa, kwa baiskeli, na mara moja kwa fedha ambayo mama alikuwa amemuwekea mtu.

Mimi nachezea timu ya mtaani iliyosajiliwa. Naruhusiwa kubeti mechi za Ulaya?

Kanuni za maadili za FIFA zinawakataza wachezaji, waamuzi, makocha na viongozi kubeti mpira, sio timu yao peke yake. Ivan Toney wa Brentford alifungiwa miezi minane mwaka 2023, na Sandro Tonali wa Newcastle miezi kumi mwaka huo huo. Hawa ni watu wenye mawakili. Mwanangu, ikiwa una ndoto ya kuvaa jezi ya Zanzibar Heroes pale Gombani, kama waliovaa Januari 2025 wakawafunga Burkina Faso 2-1 wakabeba Kombe la Mapinduzi mbele yetu, jina lako lisikutwe kwenye vitabu vya kampuni yoyote ya kubeti.

Umri?

Miaka 18, na matangazo yenyewe yanaandika. Anayemsajilia mdogo wake kwa kitambulisho chake mwenyewe anavunja sheria na anamvunja mdogo wake.

Hii si kamari, Mwalimu, ni ujuzi. Au wewe unasemaje?

Ujuzi umo, sikatai. Anayefuatilia majeruhi, ratiba na hali ya uwanja anajua kuliko asiyefuatilia. Lakini angalia fedha inakotoka. Unachoshinda kimetoka kwa aliyekosa, na kampuni imekata chake katikati. Hakuna kilicholimwa, kilichovuliwa wala kilichoshonwa. Hiyo ndiyo maisiri, yaani kamari, na Surat Al-Maida aya ya 90 na ya 91 zimeitaja pamoja na ulevi, zikataja na uadui na kuzuilika na sala. Mimi ni Muislamu, nimesimama hapo, na ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kutobeti. Ya pili ni ile 110.66.

Siandiki ili nimkaripie mtu. Wanaokuja barazani kwangu wakiwa wamechanika huwa wameshajikaripia vya kutosha.

Mwanangu anasema "nimechanika" na hali chakula. Mimi sijui hata pa kuanzia.

Mama, usianze kwa kuinyakua simu. Mwambie akae karibu yako akuoneshe mkeka wenyewe, na umuulize mambo matatu kwa utulivu: mechi ngapi, odi ya jumla ngapi, dau shilingi ngapi. Ukiijua idadi ya mechi na odi ya jumla, unaweza kumuonesha wewe mwenyewe zile hesabu za sarafu na za mechi kumi zilizo hapo juu. Zitachukua dakika tano na penseli. Kisha muombe mfungue pamoja ujumbe wa fedha alizotuma kwa simu mwezi huu, mzijumlishe kwenye karatasi, zilizokwenda upande mmoja na zilizorudi upande mwengine. Wengi hawajawahi kuzijumlisha. Mpe yeye penseli, aandike kwa mkono wake. Na ikiwa anadaiwa, muulize anadaiwa na nani kabla hamjanyanyuka hapo mlipokaa.